Diski inavyochelewesha hesabu za kemia ya kwanta

MTAFITI wa kemia anapoona tarakilishi ikimaliza siku tatu kwa hesabu ya molekuli moja, aghalabu hukimbilia kuilaumu prosesa. Mara nyingi lawama hiyo humwangukia asiyehusika. Prosesa huwa imekaa bure, ikingoja diski iikabidhi tarakimu za kufanyia kazi.

Kemia ya kwanta hukadiria umbo, nishati na tabia za molekuli kwa kufuata mwenendo wa elektroni zake. Katika mbinu ya Hartree-Fock, ambayo ni msingi wa nyingine nyingi, mawimbi ya elektroni huelezwa kwa vipande vya kihisabati viitwavyo vitendakazi vya msingi. Ili kujua jinsi elektroni zinavyosukumana, programu hukokotoa tarakimu nyingi ziitwazo integrali.

Hapo ndipo mzigo unapoanzia. Idadi ya integrali hupatikana, kwa makadirio, kwa kupandisha idadi ya vitendakazi hadi kipeo cha nne kisha kugawanya kwa nane. Vitendakazi 200 huzaa integrali milioni 200, ambazo kwa baiti nane kila moja hujaza gigabaiti 1.6. Vikiwa 400, mzigo hufika gigabaiti 25.6, yaani mara 16. Ni kweli kwamba programu hutupa integrali zilizo ndogo mno, lakini zinazosalia bado ni tele.

Isitoshe, hesabu hurudiwa kwa mizunguko hadi jibu litulie, na kila mzunguko husoma faili ile ile upya. Diski ya kuzunguka inayosoma megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji karibu dakika tatu kusoma gigabaiti 25.6. Mizunguko 20 humaliza takriban saa nzima kwa kusoma pekee. Diski ya SSD yenye kasi ya gigabaiti tatu kwa sekunde hufanya kazi hiyo kwa dakika tatu hivi.

Mwaka wa 1982, Jan Almlöf na wenzake Fægri na Korsell walipendekeza njia ya kuikwepa diski: integrali zikokotolewe upya katika kila mzunguko badala ya kuhifadhiwa. Wazo hilo lilionekana kama ubadhirifu, ila kadiri prosesa zilivyozidi kuziacha diski nyuma, ndivyo lilivyopata nguvu. Leo programu nyingi hutumia njia hiyo bila kuamriwa.

Hata hivyo, diski haijastaafu. Mbinu za usahihi wa juu, kama vile MP2 na hasa CCSD(T), bado huweza kuandika faili kubwa za muda, na hapa mipangilio ndiyo huamua.

La kwanza kukaguliwa ni mahali faili hizo zinapoandikwa. Katika programu ya Gaussian, iliyoasisiwa na kundi la John Pople mwaka wa 1970, mahali hapo huelekezwa na GAUSS_SCRDIR. Katika Psi4 ni PSI_SCRATCH. Kosa kubwa ni kuziacha kwenye diski ya pamoja inayofikiwa kupitia mtandao, kwani kila tarakimu hulazimika kusafiri kwenye waya unaogombaniwa na watumizi wengine. Diski iliyo ndani ya tarakilishi yenyewe inafaa zaidi. Zikiwapo mbili au zaidi, huweza kuunganishwa kwa mpangilio wa RAID 0 ili zisomwe kwa pamoja, mradi mtumizi akumbuke kuwa moja ikiharibika, data yote hupotea. Kwa faili za muda, hatari hiyo inavumilika.

La pili ni kumbukumbu. Programu ikitengewa kidogo, huigawa kazi vipande vipande na kuiendea diski tena na tena. Lakini kuitengea yote ni kosa baya zaidi: mfumo endeshi hukosa nafasi ya kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni, na huenda ukaanza kuhamishia kumbukumbu yenyewe diskini.

Aidha, kazi mbili nzito zikielekezwa kwenye diski moja ya kuzunguka, zote mbili hukwama, kwa kuwa kichwa cha kusomea hukimbizwa huku na huko.

Kazi iliyokatizwa ghafla huacha faili zake nyuma, nazo hujaza diski hadi kazi inayofuata ikafa katikati. Zifutwe. Faili ya kuendelezea hesabu, ambayo katika Gaussian huishia kwa .chk, isiguswe, ihifadhiwe kwenye diski nyingine iliyo salama, kwa maana ndiyo huenda ikamwokolea mtafiti kazi ya siku nzima umeme ukipotea.