Mafuta ya moteri: neno moja kwenye mkebe, miaka 20 ya kungojea kipimo

Motari anayekwenda kufanya vidanji ana swali moja mbele ya muuzaji: mafuta haya ni mapya kweli, ao ni ya zamani yaliyosafishwa? Swali hilo si la Goma ao Bukavu peke yake. Huko Marekani lilisumbua serikali kwa zaidi ya miaka 30, na historia yake inamhusu kila mtu anayenunua mafuta kwa bidoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilikuwa na viwanda zaidi ya 100 vilivyokusanya mafuta ya vidanji kwenye magaraji, vikayasafisha na kuyauza tena. Vingine vilifanya kazi safi. Vingine viliondoa matope tu, vikajaza mkebe mzuri, na mnunuzi akafikiri ni mafuta mapya.

Mwaka 1964, tume ya serikali inayosimamia biashara, inayoitwa FTC, ikatoa amri. Kila mkebe wa mafuta ya namna hiyo uandikwe upande wa mbele kwamba yamekwisha kutumika. Muuzaji hakuruhusiwa kusema yamesafishwa upya kiwandani, isipokuwa uchafu wote wa moteri umeondolewa kweli.

Amri hiyo ilimlinda mnunuzi asidanganywe. Lakini ilikuwa na kasoro moja: aliyesafisha vizuri na aliyesafisha vibaya, wote walibeba neno lile lile, «yaliyotumika». Mnunuzi akilisoma, anapita. Kodi nazo zikabadilika, na mafuta ya kisasa yenye dawa nyingi ndani yakawa magumu kusafisha. Viwanda vikafungwa kimoja kimoja, vikabaki vichache.

Na mafuta machafu yakaenda wapi? Mengi yalimwagwa chini na kwenye mifereji. Idara ya mazingira ya Marekani inasema galoni moja ya mafuta hayo, karibu litra 4, inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi.

Mwaka 1973 inchi za Kiarabu zilizuia petroli yao kwenda Marekani, bei ikapanda, na watu wakaanza kuhesabu kila tone. Hesabu yenyewe inashangaza. Ili kupata litra 2 na nusu hivi za mafuta ya moteri, inahitajika pipa zima la petroli ghafi, litra 159. Lakini mafuta machafu yanayotoa kiasi kile kile ni galoni moja tu.

Ndipo mwezi wa 12 mwaka 1975 bunge likapitisha sheria. Maabara ya taifa ya vipimo itafute njia ya kupima kama mafuta yaliyosafishwa yanalingana na mapya. Kisha FTC iandike kanuni ya maandishi ya mkebe kufuatana na kipimo hicho. Mwaka 1980 sheria nyingine ililegeza amri ya zamani, na mwaka 1981 FTC ikaacha kuifuatilia. Lakini kipimo chenyewe kilichelewa. Kilifika mwaka 1995, miaka 20 baada ya kuombwa.

Mwaka ule ule FTC ikatoa kanuni mpya: mafuta yakipita vipimo vya API, chama cha makampuni ya petroli ya Marekani, muuzaji anaweza kuandika kwamba yanalingana na mapya kwa kazi ya moteri. Mwaka 1996 amri ya 1964 ikafutwa.

Sababu yake inaeleweka. Mafuta hayafi ndani ya moteri, yanachafuka. Yanaingiwa na maji, esansi, vumbi la chuma na asidi, na dawa zake zinaisha. Kiwanda kamili kinatoa maji, kinachemsha mafuta ndani ya mtungi usio na hewa, kinayatibu kwa haidrojeni, kisha kinatia dawa mpya. Kuchuja kwa kitambaa hakufanyi hata moja ya kazi hizo. Rangi inaweza kuwa safi, na moteri ikakwaruzika vilevile.

Herufi za API zinaonekana pia kwenye mabidoni mengi yanayouzwa huku kwetu. Lakini herufi hizo zinasema kweli ikiwa tu kifuniko hakijafunguliwa. Bidoni lililojazwa tena kutoka pipa lisilo na jina linabeba herufi zile zile, bila kipimo chochote nyuma yake.

Na kwa familia zinazochota maji ya Ziwa Kivu, ao wahami wanaotafuta bidoni la kubebea maji, jambo ni kubwa kupita moteri. Bidoni lililobeba mafuta ya vidanji lisiwekwe maji ya kunywa. Na mafuta machafu yasimwagwe karibu na mahali watu wanapochota.

Marekani ilichukua miaka zaidi ya 30 kutambua jambo moja: kuuliza kama mafuta yamekwisha kutumika hakutoshi. Inapaswa kuuliza nani aliyapima.