Likizo na watoto wadogo Mwanza: jinsi ya kupanga matembezi ya Saanane na Bujora

Kila likizo ya Juni au Desemba inapokaribia, wasikilizaji wetu walioko vijijini hutuuliza jambo moja: tukitaka kuwapeleka watoto Mwanza wakatembee, twende wapi, na tujipange vipi ili fedha itoshe na watoto warudi salama?

Watoto siku hizi wanaona kwenye simu bustani kubwa za michezo za nchi za nje, wanaona bembea ndefu kuliko nyumba, nao wanataka kwenda. Kwa Tanzania, bustani ya michezo ya maji inayojulikana zaidi iko Kunduchi, Dar es Salaam. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa mtoto wa miaka minne hiyo ni adhabu kabla ya kuwa likizo. Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna mahali pa karibu ambapo mtoto anapanda boti, anaona wanyama, anasikia ngoma, na jioni analala kwa shangazi yake. Makala hii inaeleza mahali hapo na namna ya kupanga safari.

Kisiwa cha Saanane

Hii ni hifadhi ya taifa iliyo ndani ya Jiji la Mwanza. Ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini: ina kilomita za mraba 2.18, ikihesabiwa nchi kavu pamoja na maji yanayoizunguka. Udogo huo ndio unaoifaa familia yenye watoto. Serengeti unahitaji gari na siku nzima au zaidi, lakini Saanane unatembea kwa miguu na unarudi mjini siku hiyo hiyo.

Jina lake linatokana na Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi kisiwani humo kwa kilimo na uvuvi. Mwaka 1964 serikali ilikifanya kisiwa hicho kuwa bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na wanyama wakaletwa kutoka sehemu mbalimbali. Mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA.

Boti zinaondokea upande wa Capri Point, karibu na katikati ya jiji, na safari ya majini ni ya dakika chache tu. Kisiwani kuna swala pala, tumbili, kenge, mijusi wenye rangi nyekundu na buluu, ndege wengi wa majini, na pimbi wanaoota jua juu ya mawe. Majini wamo mamba. Msiwaahidi watoto simba wala tembo kabla ya kuuliza ofisi ya hifadhi ni wanyama gani wanaoonekana kwa sasa. Mtoto aliyeahidiwa simba akaonyeshwa pimbi atalia, na hatakuwa na kosa.

Bujora, Kisesa

Makumbusho ya Wasukuma yapo Bujora, Kisesa, wilayani Magu, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanza kazi yake Bujora katika miaka ya 1950. Watoto wataona nyumba za asili za Kisukuma, vifaa vya mhunzi, vya mganga na vya mkulima, ngoma za watemi, na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Mkiweza kwenda mwezi Juni, ulizeni tarehe ya sherehe za Bulabo. Huanza wakati wa sikukuu ya Ekaristi Takatifu, na makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana mbele ya umati. Wapo wanaocheza na nyoka. Mtoto mkubwa atalisimulia jambo hilo mwaka mzima, lakini umati ni mkubwa na vumbi ni jingi. Mwenye mtoto mchanga achague siku nyingine yenye utulivu.

Mahali pasipo na kiingilio

Jiwe la Bismarck huonekana kutoka ufukweni pale karibu na kivuko cha Kamanga. Watoto wanaweza kutazama vivuko vikija na kuondoka, nanyi mkapumzika bila gharama. Wanaotoka upande wa Sengerema na Geita wana jambo jingine la kuwaonyesha watoto: Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025. Lina urefu wa kilomita zipatazo 3, na kulivuka ni dakika chache pale ambapo zamani watu walisubiri kivuko kwa saa.

Jijini kuna pia viwanja vya kulipia vyenye bembea, sehemu za kuteleza na maputo ya kurukia. Kabla ya kulipa, itikiseni bembea kwa mkono muone kama nguzo inacheza. Angalieni kama chini pana mchanga au saruji tupu, na ulizeni ni nani anayesimamia. Mtoto wa miaka mitatu asirukie puto moja na wa miaka kumi, kwa sababu ataangukiwa.

Mfike kupitia wapi

Mabasi yanayotoka Musoma, Bunda, Magu na Simiyu hushusha stendi ya Nyamhongolo. Yanayotoka Shinyanga na Geita hushusha stendi ya Nyegezi. Stendi zote mbili ziko nje ya katikati ya jiji, hivyo wekeni nauli ya daladala au bajaji kwenye hesabu. Mnaotoka upande wa Musoma mnaipita Kisesa kabla ya kuingia jijini. Mkiwahi asubuhi, mnaweza kuanza na Bujora kisha mkaendelea mjini, mkaokoa nauli ya kurudi nyuma.

Pangeni jambo moja kubwa kwa siku moja. Saanane siku moja, Bujora siku nyingine. Watoto wadogo huchoka ghafla, na aliyechoka hubebwa. Asubuhi ni bora kuliko mchana kwa sababu ya jua, na inawapa muda wa kurudi bila haraka.

Hesabu ya fedha

Familia nyingi hukwama hapa, kwa sababu hesabu inafanywa ya kwenda tu. Tuchukue familia ya baba, mama na watoto watatu wa miaka 9, 6 na 3. Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kufanyia hesabu, ninyi wekeni bei za kwenu.

Tuseme nauli ya basi ni shilingi 10,000 kwa kiti. Viti ni vinne, kwa kuwa wa miaka 3 anapakatwa. Kwenda na kurudi ni shilingi 80,000. Daladala na bajaji za mjini 15,000. Chakula na maji 30,000. Viingilio na boti 50,000. Kitu cha mkononi kwa mwenyeji wenu, kama sukari na mchele, 15,000. Fedha ya dharura 40,000. Jumla ni shilingi 230,000. Mkiweka shilingi 10,000 kila wiki, inafika baada ya wiki 23. Maana yake ni kwamba safari ya Juni inaanza kuwekewa akiba Januari.

Fedha ya dharura haiguswi kwa soda wala kwa mdoli. Ni ya kumpeleka mtoto kituo cha afya usiku au ya kurudi nyumbani basi likiharibika. Na kabla ya kuondoka, tengeni kabisa fedha ya sare, madaftari na mbegu. Shule hufunguliwa mara tu likizo inapokwisha, na mtoto asirudi kutoka kwenye matembezi akafukuzwa darasani kwa kukosa daftari. Kama hesabu haifiki, fanyeni safari ya siku moja badala ya tatu, au subirini msimu wa mavuno.

Kwenye hifadhi za TANAPA, mtoto aliye chini ya miaka 5 haingii kwenye hesabu ya kiingilio, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa pungufu ya mtu mzima. Raia wa Afrika Mashariki hulipa pungufu ya mgeni wa nje. Kwa hiyo chukueni vitambulisho vyenu vya taifa, na vyeti vya kuzaliwa au kadi za kliniki za watoto. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, basi hakikisheni simu ina salio na chaji. Msimpe fedha mkononi mtu anayewafuata njiani akidai atawaingizia malipo.

Usalama majini

Ziwa letu limechukua watu wengi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Wapo wasikilizaji wetu waliofiwa katika ajali hizo, na tunavitaja ili mzazi ajue kwamba ana haki ya kukataa kupanda.

Kataeni boti iliyojaa, hata kama mmeshalipa. Kila mtu avae jaketi okozi kabla ya boti kuondoka, na mtoto avae la saizi yake. Jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto akiingia majini. Livutieni juu kwenye mabega: likipanda hadi masikioni, ni kubwa, ombeni jingine. Kama hakuna la mtoto, msipande. Msimfunge mtoto mgongoni kwa kitenge chini ya jaketi lenu. Upepo ukiwa mkali na mawimbi yakionekana meupe, ahirisheni. Saanane itakuwepo kesho.

Msiwaache watoto waoge ziwani wala kukanyaga maji ya pembeni yenye majani, hata kwa dakika chache. Mamba ni sababu moja. Sababu ya pili ni kichocho. Konokono wadogo wa majini hutoa vijidudu vinavyopenya kwenye ngozi bila maumivu. Dalili huja wiki au miezi baadaye: homa, tumbo kuuma, damu kwenye haja. Mtoto aliyeingia ziwani apelekwe kituo cha afya akapimwe. Dawa yake, prazikwanteli, ipo na inatibu. Maji ya kunywa yawe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa.

Mtoto asipotee

Stendi na sokoni ndiko watoto hupotelea. Andikeni namba mbili za simu kwenye karatasi, moja ya mzazi na moja ya mwenyeji wa mjini, muiweke mfukoni mwa kila mtoto. Msiandike jina lake nje ya nguo, kwa sababu mtu asiyemjua akimwita kwa jina atamfuata. Mtoto anayeweza kusema afundishwe jina kamili la mama na la baba, si "mama" tu. Mpigeni picha kwa simu asubuhi hiyo, ili mkiulizwa amevaa nini msibabaike. Kila mtu mzima apewe watoto wake wa kuwashika. Neno "nilidhani yuko na wewe" ndilo huanza kilio.

Hifadhini namba hizi, ni za bure: 112 ya polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na 116 ya huduma ya simu kwa mtoto.

Vya kubeba

Bebeni kofia, sweta la asubuhi, khanga mbili, sabuni, nguo ya akiba ya kila mtoto, chumvi na sukari za maji ya kuharisha ya dukani, na chandarua kama kwa mwenyeji hakitoshi. Kwa chakula cha njiani, matobolwa na karanga havichachi kwenye joto kama wali wa nazi au maziwa. Mkiwa Saanane msiwape tumbili chakula. Mnyama aliyezoea kulishwa hupokonya, na anayepokonywa ni mtoto.

Mwambieni mwenyeji mapema mnakuja wangapi na mtakaa siku ngapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Watoto wengi wanaokaa karibu na ziwa hili hawajawahi kulivuka wala kuingia hifadhi ya wanyama iliyo mbele ya macho yao. Safari ya siku mbili, iliyowekewa akiba kidogo kidogo, inaweza kubadili hilo. Mkishapanga, tuandikieni ujumbe wakati wa kipindi mtueleze mnatoka wapi na mna maswali gani. Tunawatakia safari njema.