Kulala ziwani, kutembea mlimani: namna ya kuchagua mahali pa kambi ukitokea Bunia

Kutoka mtaa wa Bigo, mjini Bunia, hadi maji ya Ziwa Albert ni kilomita karibu 60. Gari likiwa zima na barabara ikiwa kavu, mtu anaweza kunywa chai nyumbani na mchana akala kapitene wa moto Kasenyi. Hata hivyo familia nyingi za Bunia zinalijua ziwa kwa samaki wake tu: wa mbichi, wa chumvi, wa kukaushwa. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo si kazi kubwa. Kulala huko, na watoto, na siku ya pili kupanda mlima, hapo ndipo maswali yanaanza.

Ulaya wanatumia karavani, yaani chumba chenye magurudumu kinachovutwa nyuma ya gari. Wanalipia kiwanja chenye bomba la maji, umeme na choo, wanaegesha, ziwa mbele na mlima nyuma. Upande wa Ituri hakuna desturi ya viwanja vya namna hiyo, na anayejua kona za mteremko wa Bogoro hatashawishika kushuka nazo akivuta nyumba. Kinachowezekana ni hema la kawaida, hema la kufungwa juu ya Land Cruiser, chumba cha misheni, au uwanja wa ndugu. Lakini kazi ya kuchagua mahali ni ile ile. Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi iliyopita nchi hizi ilikuwa na maswali matatu kabla ya kutua mizigo: maji yako wapi, kuni ziko wapi, na mwenye nchi ni nani. Wasafiri wa leo wanakumbuka mawili ya kwanza.

Mwenye nchi

Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya état de siège, na magavana wakawa wanajeshi. Kwa msafiri maana yake ni barieri, saa za kufunga barabara, na maswali. Mtu anayepiga hema porini bila kujulikana anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi, na akibahatika ni usiku mmoja tu ataulala mahali asipopachagua. Kwa hiyo mahali pazuri pa kambi hapatafutwi kwa macho kwanza. Panatafutwa kwa simu. Siku mbili au tatu kabla ya safari anaulizwa shefu wa eneo, au mtu wa shirika la raia wa huko, au mwenye misheni: barabara ikoje wiki hii, nani alipita jana, wageni wanalala wapi. Siku ya safari wanaulizwa madereva wanaotoka huko asubuhi. Dereva aliyepita saa mbili zilizopita anajua kuliko tangazo la wiki iliyopita.

Mahali pa kulala ni ndani ya ua wa watu. Parokia, shule, kituo cha afya, nyumba ya shefu: yote ni bora kuliko kilima kizuri kisicho na mtu. Na hapana kupiga hema katikati ya nafasi mbili za wanajeshi, hata kama majani ni laini. Kadi ya mpiga kura mfukoni, barua ya shefu wa mtaa ikipatikana, na kufika kabla ya saa kumi jioni, mwanga ukiwa bado upo na mwenyeji akiwa na muda wa kumpokea mgeni.

Ziwa Albert

Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 160 na upana wa karibu 30, na mpaka wa Kongo na Uganda unapita katikati yake. Mwaka wa 1864 Mwingereza Samuel Baker alilipa jina la Albert, mume wa malkia wao, na wakati wa Zaïre likaitwa Ziwa Mobutu. Wenyeji walikuwa na jina lao zamani, Mwitanzige.

Bunia iko kwenye mwinuko wa mita karibu 1,275, maji ya ziwa yako kwenye mita karibu 615. Kwa hiyo baada ya Bogoro gari linashuka zaidi ya mita 600, na joto linapanda kwa kila kona. Blanketi la Bigo halina kazi Kasenyi. Chandarua ndicho chenye kazi, maana malaria ya ziwani haina msimu wa kupumzika.

Pa kwanza pa kuangalia ni urefu wa ardhi juu ya maji. Mwaka wa 2020 na baada yake ziwa lilipanda, likaingia nyumbani mwa watu Kasenyi, Tchomia na kwingineko ufukweni, na wengi wakahama. Ukiona kuta zilizobaki na alama ya maji, au shina la mti lililokauka likiwa limesimama majini, hapo ni maji ya juzi. Hema liwekwe nyuma ya alama hiyo, mbali.

Pa pili ni njia za kiboko. Usiku kiboko anatoka majini kula majani na anapita njia yake ile ile: mfereji mpana, majani yamelala, kinyesi kimetapakaa. Anayelala kwenye njia hiyo amelala barabarani. Mamba naye yupo, hasa penye matete na midomo ya mito, na hapo watoto na wafua nguo ndio wanaoumia. Swali la kumuuliza mvuvi liwe hili: “Watoto wenu wanaoga wapi, na wapi mmewakataza?” Swali la “kuna mamba?” litajibiwa “hapana” na mtu asiyetaka kumpoteza mgeni.

Kuna kitu kidogo kuliko mamba kinachoumiza watu wengi zaidi, nacho ni kichocho. Ufukwe wa Ziwa Albert unajulikana sana kwa ugonjwa huu. Konokono wa maji matulivu anatoa vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinaogelea, vinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Hakuna kidonda, hakuna maumivu makubwa, labda kuwashwa jioni ile. Miezi inapita, ndipo tumbo na ini vinaanza kulia. Saa za mchana, jua likiwa kali, ndizo mbaya zaidi, na penye matete na majani ya majini ndipo konokono anapoishi. Kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga yatekwe kwenye bidoni na kuachwa yakae siku mbili, au yachemshwe. Yule aliyekwisha kuingia majini aende kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye, apimwe na kupewa praziquantel. Kumeza dawa siku ya kurudi, kama wengine wanavyofanya, hakusaidii sana, kwa kuwa dawa hiyo inaua minyoo iliyokomaa, si ile michanga.

Kipindupindu nacho kinarudi mara kwa mara Tchomia na Kasenyi. Kwa hiyo swali la choo ni swali la kwanza la kambi, si la aibu. Kama ua una choo kinachofungwa na maji ya kunawa, umepata nusu ya kambi nzuri. Maji ya kunywa yabebwe kutoka Bunia au yatiwe dawa.

Na mtumbwi? Matembezi ya ziwani ndiyo watoto wanayoyataka kuliko yote. Ziwa hili halina mchezo. Upepo unateremka kutoka kwenye milima bila kubisha hodi, na chombo kilichojaa kinapinduka. Machi 2014 mashua iliyobeba wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka Uganda ilizama, na zaidi ya watu 200 wakafa. Krismasi ya 2016, mashua ya wachezaji wa kandanda na mashabiki wao upande wa Uganda ilipinduka, na wengi hawakurudi. Anayepanda, apande asubuhi, karibu na ufukwe, kila mtu na jile yake imefungwa kifuani, si imewekwa chini kama kiti. Tena mpaka hauna ukuta. Wavuvi wengi wamekamatwa kwa kuuvuka bila kujua, na kisiwa cha Rukwanzi, kusini mwa ziwa, mwaka wa 2007 kililigombanisha jeshi la nchi moja na la nyingine.

Mlimani

Milima iliyo magharibi mwa ziwa, Milima ya Bluu, inafika mita 2,455 kwenye kilele cha Aboro. Ni nchi ya baridi, ng'ombe na viazi, na kwa kutembea kwa miguu Ituri haina mahali pazuri kushinda hapo. Kwa bahati mbaya njia yake ni ile ya Djugu na barabara ya taifa namba 27, ambako wanamgambo wa CODECO wameua wasafiri na wakaaji kwa miaka. Kusini, Mlima Hoyo na mapango yake na maporomoko ya maji uliwahi kuwa na hoteli ya watalii, na wazee wa Bunia bado wanaisimulia. Kwenda huko kunapita Komanda, na Julai 2025 waasi wa ADF waliua zaidi ya watu 40 huko Komanda, waumini wakiwa kanisani usiku. Hata kundi moja la silaha la Irumu limejiita Chini ya Kilima. Anayesema “mimi naenda kutembea tu” awaambie kwanza wale wanaoishi chini ya hicho kilima.

Kinachobaki, siku ambayo habari ni nzuri, ni mteremko wenyewe kati ya Bogoro na uwanda wa ziwa. Asubuhi mapema, pamoja na kijana wa kijiji anayelipwa vizuri, mtu anashuka kwa miguu kwenye njia za wachungaji, gari linamngoja chini. Ni kushuka, si kupanda, na jua la saa tano linamkuta kivulini. Bogoro yenyewe si mahali pa kupita kwa kelele: tarehe 24 Februari 2003 watu wengi waliuawa pale, na mahakama ya La Haye ikamhukumu Germain Katanga mwaka wa 2014 kwa sababu hiyo.

Anayelala kwenye nyanda za juu za Ituri ajue pia tauni. Ugonjwa huu haujaisha duniani, na Ituri ni kati ya sehemu zinazoupata bado. Unabebwa na viroboto wa panya. Hema lisiwekwe kando ya ghala la mahindi wala karibu na takataka, watu wasilale sakafuni juu ya mkeka mtupu, na panya waliokufa wenyewe wasiguswe. Homa kali pamoja na uvimbe wenye maumivu kwenye kinena au kwapa ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwahiwa, inatibika.

Kivu

Watu wa Bunia waliosoma Goma au Bukavu watasema Ziwa Kivu ni tamu zaidi, na wana sababu: hakuna mamba, hakuna kiboko, milima imekaa juu ya maji kabisa. Tangu M23 ilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, likizo ya Kivu imekuwa hesabu nyingine. Ila kuna jambo moja la huko ambalo kila mpiga kambi anapaswa kulijua: mazuku. Kando ya Goma na Sake, hewa ya kaboni inatoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, hasa usiku bila upepo. Haionekani wala hainuki. Mbuzi anakufa, mtu aliyelala anakufa. Kibonde kilichojificha na upepo, ambacho mgeni angekiita mahali pazuri pa hema, ndicho kinachoua. Huko watu wanalala penye mwinuko.

Ng'ambo

Kwa sababu hizo zote, wengine wanahesabu Uganda. Karibu na Fort Portal kuna maziwa madogo ya volkeno, na Nkuruba ni mojawapo lenye uwanja wa kambi. Mbali zaidi, karibu na Kabale, kuna Ziwa Bunyonyi, mita karibu 1,960 juu ya bahari, lenye visiwa, vilima vya kutembea na viwanja vya kambi ambavyo magari ya wasafiri wa kimataifa yanavitumia. Hakuna mamba wala kiboko. Lakini kingo zake zinatumbukia ghafla, mtoto asiyejua kuogelea hana pa kusimama, na usiku ni baridi kweli: hapo sasa blanketi la Bigo linapata kazi.

Njia ni mbili kwa gari, kwa Mahagi au kwa Beni na Kasindi, zote mbili zikipita kwenye maeneo yaliyotajwa hapo juu. Ya tatu ni mashua hadi Ntoroko. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, lakini karatasi za kuvukia ziulizwe DGM wiki ya safari, si kwa jirani aliyevuka mwaka jana. Kadi ya njano ya chanjo ibebwe. Kwa Bunyonyi usipange chini ya siku mbili za barabara kwenda na mbili kurudi.

Wakati mzuri, kwa pande zote hizi, ni Desemba hadi Februari, mvua ikiwa imepungua. Likizo ya Krismasi inaangukia humo humo, ndiyo maana ua wa parokia unajaa. Simu ya kuomba nafasi ipigwe mapema Desemba, na nyingine usiku wa kabla ya kuondoka, kuuliza tena barabara.