Mto Malagarasi na Njia ya Misafara

Tuwaulizapo wanafunzi wetu juu ya mito mirefu ya Tanzania, hutangulia kuutaja Rufiji, wenye urefu upatao kilomita 600. Malagarasi, wenye kilomita 475 hivi, hutajwa kwa tarakimu zake tu, kisha ukasahauliwa. Lakini mto haupimwi kwa kamba peke yake. Hupimwa pia kwa maisha ya watu waliokaa kandokando yake na waliouvuka.

Malagarasi huanzia katika milima iliyo mpakani mwa Tanzania na Burundi. Hupokea maji ya Muyovosi, na ya Ugalla ukusanyao mvua ya sehemu kubwa ya Unyamwezi, kisha humwagika katika Ziwa Tanganyika kusini ya Ujiji. Kutoka ziwani maji hupita mto Lukuga hadi Kongo na bahari ya Atlantiki. Hivyo mpagazi aliyeipa kisogo Bahari ya Hindi kule Bagamoyo, alipoendelea magharibi ya Tabora alikuwa akifuatana na maji yaelekeayo bahari nyingine.

Utajiri wa mto huu haukuletwa na misafara. Huko Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi, wachimbuzi wa mambo ya kale wameonyesha kwamba wenyeji walipika chumvi tangu yapata miaka 1,500 iliyopita. Chumvi hiyo ilitafutwa na watu wa mbali, nayo ilifungua njia kabla ya pembe za ndovu.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji haikuwa na budi kuuvuka mto. Wavinza ndio waliokuwa na mitumbwi, na watawala wao ndio waliotoza hongo ya nguo na shanga. Burton na Speke walivushwa mwaka 1858. Stanley akavushwa mwaka 1871, baada ya kubishana sana juu ya malipo. Wageni hao waliilalamikia hongo kana kwamba ni unyang'anyi. Nasi twauliza: ushuru wa bandari za kwao waliuitaje? Mwenye kivuko alidai haki ya kivuko chake.

Walakini, tusiipambe historia. Kwenye njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa, na waliofaidika hawakuwa wageni peke yao. Mwalimu anayeificha nusu hii huwafundisha vijana fahari isiyo na mizizi.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ikashuka mabegani mwa wapagazi. Mto ulibaki. Mwaka 2000 ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovosi iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza katika nchi yetu.

Basi, tufundishapo mito yetu, tusiishie kwenye urefu. Tuulize pia nani alishika kasia, nani alilipa, na nani alivushwa bila hiari yake.