Kufunga Redio ya Gari: Kutoka Chicago hadi Nairobi

Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 yaliuzwa na vifaa vichache. Ford Model T, gari lililoundwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, halikuwa na geji ya mafuta. Dereva alichovya kijiti ndani ya tangi lililokuwa chini ya kiti. Bampa, kioo cha kutazamia nyuma na kadhalika viliagizwa kwa katalogi, na mwenye gari akavifunga mwenyewe nyumbani. Redio ilikuja baadaye, na ndiyo iliyowatoa wenye magari jasho zaidi.

Mwaka 1930 kampuni ya Paul Galvin ya Chicago ilianza kuuza redio ya gari iliyoitwa Motorola, kwa zaidi ya dola 100. Kuifunga ilikuwa kazi nzito. Kitambaa cha dari kilifumuliwa ili waya wa antena upite juu yake. Kwa kuwa taa za redio (yaani vali za kukuza mawimbi) zilihitaji umeme wenye volti nyingi kuliko ule wa gari, betri za ziada zilifichwa chini ya sakafu. Plagi za injini nazo zilitia mikwaruzo kwenye sauti, hivyo kila moja ilifungwa kizuizi cha kuipunguza. Katika miaka ya 1950 transista zilianza kuchukua nafasi ya taa hizo. Redio ikawa ndogo na haikuhitaji tena umeme wenye volti nyingi.

Kazi ilirahisishwa zaidi na vipimo vya pamoja. Kipimo cha Ujerumani kilichojulikana kama DIN kiliweka nafasi ya redio kwenye dashibodi kuwa na upana wa takriban milimita 180 na kimo cha milimita 50, na baadaye kikakubaliwa kimataifa. Rangi za nyaya za redio za madukani nazo zilizoeleka: njano ni umeme wa kudumu kutoka kwenye betri, nyekundu hupata umeme swichi ya gari inapowashwa, nyeusi ni ethi. Mwenye bisibisi na subira aliweza kutoa redio ya zamani na kuweka mpya.

Afrika Mashariki ilikutana na tatizo jingine. Magari mengi yaliyotumika huja Kenya na Tanzania kutoka Japani, ambako FM ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90. Vituo vya FM vya Kenya na Tanzania, vilivyoongezeka tangu miaka ya 1990, viko kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo redio ya Kijapani hunasa vichache tu. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kushusha mawimbi, kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio na kupewa umeme wa volti 12. Kikishusha kwa megahezi 20, kituo cha 98.4 husikika kwenye 78.4. Lakini vituo vya kati ya 90 na 96 hubaki nje, maana vyashuka chini ya 76.

Katika magari mapya, skrini moja hubeba redio, kamera ya nyuma na mara nyingine swichi za kiyoyozi. Kuibadilisha hudai fremu na viunganishi vya aina hiyohiyo ya gari. Vikikosekana, kamera hunyamaza hata kama redio inaimba. Ndiyo maana wengi hujifungia redio za zamani, na skrini humwachia fundi umeme.