Sanamu za vinyli za viumbe wa filamu

Hizi ni sanamu zinazouzwa zikiwa vipande vyenye uwazi ndani, ili mnunuzi aviunge na kuvipaka rangi mwenyewe. Zilishamiri Japani miaka ya 1980 kupitia kampuni kama Billiken na Kaiyodo, katika nchi iliyompenda Godzilla tangu filamu yake ya kwanza ya 1954.

Kazi huanza kwa maji ya moto. Vinyli ikipashwa hulainika, na kisu kikali hukata mabaki ya kalibu bila kupasua ukingo. Kipande kilichopinda hunyooshwa papo hapo, kisha hutiwa maji baridi kishike umbo. Vipande huoshwa kwa sabuni kuondoa mafuta, huunganishwa kwa supagluu, na nyufa huzibwa kwa puti. Miguu ijazwe plasta; bila hivyo joto huilegeza na sanamu huinama.

Upakaji rangi ndio unaompima fundi. Akriliki hufaa zaidi, kwani enameli nyingi hubaki zikinata juu ya vinyli. Kwa kiumbe wa filamu ya Creature from the Black Lagoon (1954), rangi nyeusi iliyozimuliwa hujaza mifereji ya magamba, kisha brashi iliyokaribia kukauka hugusa vilele tu. Filamu hiyo ilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, hivyo kila fundi huchagua kijani chake.