Jina la mke katika sheria

Mabinti wanaojitayarisha kwa ndoa huuliza mara nyingi: je, baada ya arusi yanipasa kuandikisha jina la mume wangu katika hati zangu? Wengi hudhani kwamba desturi ya kusema "Madame Fulani" ilitoka katika sheria ya Wazungu. Historia yasema vingine.

Mnamo Novemba 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, raia waliruhusiwa kujichagulia majina mbele ya wakuu wa mji. Huyu akajiita Brutus, yule akajiita Uhuru, na makarani wakachanganyikiwa. Ndipo tarehe 23 Agosti 1794 ikatolewa sheria ya kumkataza kila raia kuchukua jina lisiloandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Mke hakutengwa. Hata Kodi ya Napoléon ya 1804, iliyomwamuru mke amtii mumewe na kumbana vikali katika mambo ya mali, haikumnyang'anya jina lake. "Madame Fulani" ilikuwa heshima ya midomoni na ya barua za mialiko, basi.

Ubelgiji ulitawaliwa na Ufaransa tangu 1795 hadi 1814, ukarithi kanuni hizo. Nao ukatutawala sisi tangu 1908. Kwa wazee wetu, mke alibaki mtu wa ukoo wake. Akizaa, aliitwa mama wa mtoto wake.

Pigo la majina kwetu halikutoka katika ndoa. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru majina ya Kikristo yaachwe, naye Joseph-Désiré akawa Sese Seko. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Ndiyo maana wazazi na babu zetu wengi wana jina moja parokiani na lingine serikalini.

Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yakataza kubadili jina, isipokuwa mahakama ikubali kwa sababu ya haki. Binti aliyepata diploma kwa jina lake, kisha akajiandikisha kazini kwa jina la mume, aweza siku moja kuombwa athibitishe kwamba yeye ndiye yeye. Parokiani jambo ni jepesi zaidi: ndoa huandikwa katika kitabu cha ubatizo, kando ya jina lile lile alilobatizwa nalo.